Kinga ya Radi Isiyopimwa Si Kinga

Mwishoni mwa kiangazi, wingu la kwanza la vuli linapojikusanya juu ya milima ya Usambara, wakazi wa Mkumbara huliona kabla ya kulisikia. Mji huo mdogo wa Wilaya ya Korogwe umekaa chini kabisa ya ukingo wa milima, upande wa magharibi, katika tambarare ya joto inayopitiwa na reli ya Tanga na Moshi. Hewa yenye unyevu itokayo Bahari ya Hindi hupanda milima kwa upande wa mashariki na kumwaga huko sehemu kubwa ya mvua yake. Ndiyo maana Mkumbara, iliyo mgongoni mwa milima, ni nchi kavu. Hata hivyo ngurumo huifikia, na mara nyingi hutangulia mvua.

Ngurumo ikilia, mwalimu huwaingiza wanafunzi darasani, chini ya paa la mabati. Katika saa hiyo hiyo, juu ya nyika ya pande hizo, yaweza kupita ndege ya abiria inayotoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro. Abiria mwenye hofu hujishika kitini na kuwaonea wivu walio chini. Yafaa afahamu kwamba kwa habari ya radi mambo ni kinyume: yeye aliye karibu na wingu ana kinga thabiti kuliko mtoto aliye darasani.

Tofauti hiyo haitokani na bei ya ndege peke yake. Inatokana na jambo moja lililo rahisi kulieleza na gumu kulitimiza, nalo ni kwamba kinga ya ndege imepimwa. Radi ya kutengenezwa na binadamu imepigwa juu ya sehemu zake katika maabara, madhara yakatazamwa, makosa yakasahihishwa, kisha ikapigwa tena. Wahenga walisema ajali haina kinga. Historia ya ndege na radi yaonyesha kwamba ajali hii inayo kinga, ila kinga yenyewe haina budi kuulizwa maswali kabla ya siku ya hatari.

Asili ya radi

Ndani ya wingu kubwa la mvua, chembe nyepesi za barafu hugongana na punje nzito za mvua ya mawe. Katika kugongana huko chaji za umeme hutengana: chembe nyepesi huchukuliwa na upepo hadi kileleni zikiwa na chaji chanya, na punje nzito hubaki chini zaidi zikiwa na chaji hasi. Tofauti ya volti inapozidi uwezo wa hewa kuizuia, njia hupasuka na mkondo wa umeme hupita. Radi ya kawaida ipigayo ardhi huwa na mkondo wa kilele wa kiasi cha ampea 30,000. Nyumba ndogo hutumia ampea chache tu. Hewa iliyo katika njia ya radi hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za Sentigredi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hutanuka kwa ghafla, na mtanuko huo ndio ngurumo.

Afrika ya Mashariki na ya Kati ni miongoni mwa nyumba kuu za radi duniani. Vipimo vya setelaiti vimeonyesha kwamba milima ya mashariki ya Kongo hupigwa na radi kwa wingi unaokaribia kushinda kila mahali ulimwenguni, na mji wa Tororo nchini Uganda ulijulikana katika miaka ya 1967 hadi 1976 kwa kuwa na siku za ngurumo zipatazo 251 kwa mwaka. Kwa hiyo elimu ya kujikinga na radi si elimu ya anasa katika nchi hizi.

Funzo lililopatikana kwa gharama ya maisha

Kwa wastani ndege ya abiria hupigwa na radi mara moja hivi kwa mwaka. Katika mapigo mengi ndege yenyewe ndiyo huiamsha radi: ikiwa kipitishi kirefu kilichoingizwa katika uga mkali wa umeme, hufanya umeme ukusanyike katika ncha zake, na radi huanzia hapo. Mkondo huingia kwa pua au ncha ya bawa, hupita juu ya ngozi ya ndege, na kutokea mkiani. Kwa kuwa ndege inakwenda kasi, sehemu ya kuingilia huvutwa nyuma, hata alama za kuungua zikapangika juu ya ngozi kama nyayo.

Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba mtu aliye ndani ya chumba kilichozungushiwa metali hadhuriki na umeme unaopita nje yake. Ndege ya alumini ni chumba cha namna hiyo, na kwa muda mrefu watu wengi waliridhika na jibu hilo. Kisha, tarehe 8 Desemba 1963, ndege ya aina ya Boeing 707 ya shirika la Pan American ilipigwa na radi karibu na mji wa Elkton, katika jimbo la Maryland nchini Marekani. Mvuke wa mafuta katika tangi moja la bawa uliwaka, bawa likavunjika, na watu wote 81 waliokuwamo wakafa. Kanuni ya Faraday haikuwa ya uongo. Lililokosekana ni uhakika kwamba kila kiungo, kila kifuniko na kila tundu la kutolea mvuke vingeitii kanuni hiyo chini ya mkondo mkubwa wa radi.

Funzo la pili lilikuja tarehe 14 Novemba 1969. Roketi iliyobeba chombo cha Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili katika dakika ya kwanza ya safari yake, kwenye sekunde ya 36 na ya 52. Roketi haikutoboka wala kuwaka, lakini vyombo vya umeme vilichafuka na taa za tahadhari zikajaa mbele ya wanaanga. Wataalamu waliokuwa ardhini walijua la kufanya, na safari ya mwezini ikaendelea. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba radi ina madhara ya namna mbili: yale ya wazi, yaani kuyeyusha, kutoboa na kuwasha moto, na yale ya siri, yaani mkondo upitao nje kuamsha volti katika nyaya zilizo ndani bila kuzigusa.

Kutengeneza radi

Mkumbara ina kumbukumbu yake katika habari ya kupima. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa na njia ya kamba za chuma iliyoteremsha magogo ya mwangati kutoka misitu ya Shume, kupita juu ya mabonde na majabali, hadi stesheni ya Mkumbara. Njia hiyo haipo tena, lakini kila mhandisi anajua sharti la kazi kama ile: kamba ya chuma haithibitishwi kwa kutazamwa. Huvutwa kwa nguvu inayozidi ile itakayoibeba, na ikishindwa, ni heri ishindwe kiwandani kuliko juu ya vichwa vya watu.

Kwa mafundi wa ndege sharti hilo lilileta tatizo, kwa maana radi haiji kwa kuitwa. Hapana budi itengenezwe. Chombo kimojawapo kinachotumika kilibuniwa na mhandisi wa Kijerumani Erwin Marx mwaka 1924, na kanuni yake yaweza kuelezwa kwa betri za tochi. Betri zikiunganishwa sambamba, volti yake hubaki ya betri moja; zikiunganishwa kwa mfuatano, volti hujumlishwa. Katika chombo cha Marx, kapasita nyingi hujazwa chaji zikiwa sambamba. Kisha, kwa cheche zinazoruka katika nafasi zilizoachwa kati yake, kapasita hizo hujikuta zimeungana kwa mfuatano. Kapasita 10, kila moja ikiwa imejazwa hadi volti 100,000, hutoa kwa kipindi kifupi mno karibu volti milioni moja.

Majaribio yenyewe ni ya namna mbili kuu. La kwanza ni la volti kubwa, ambalo huonyesha mahali radi itakapopendelea kuingilia na kutokea. La pili ni la mkondo mkubwa, ambalo huonyesha sehemu hiyo itadhurika kwa kiasi gani. Katika jaribio la pili radi hugawanywa katika vipindi vinne. Pigo la kwanza hufikia ampea 200,000, kwa muda usiozidi sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde. Hufuata mkondo wa wastani wa ampea 2,000 kwa sehemu 5 za elfu moja za sekunde. Baadaye huja mkondo mdogo unaodumu, wa ampea 200 hadi 800, kwa muda wa robo sekunde hadi sekunde nzima. Huo ndio utoboao metali kwa joto. Mwisho ni pigo la kurudia, la ampea 100,000.

Mwalimu wa fizikia ana hazina ya mazoezi hapa. Mkondo wa ampea 400 ukidumu nusu sekunde, chaji iliyopita ni koulomu 200, nacho ndicho kiasi kinachotakiwa katika kipindi cha tatu. Ama kuhusu joto, mwanafunzi anajua kwamba nishati hutokana na mkondo kwa kipeo cha pili, mara ukinzani, mara muda. Kwa pigo la kwanza, jumla ya mkondo kwa kipeo cha pili mara muda ni 2,000,000. Kiungo safi cha metali chenye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu kitapokea jouli 2,000, na hakitadhurika sana. Kiungo hicho kikiingia kutu au rangi hata ukinzani ukafika sehemu moja ya kumi ya omu, kitapokea jouli 200,000, kwa kuwa radi haipunguzi mkondo wake kwa kuhurumia kiungo kibovu. Nishati hiyo inatosha kuchemsha nusu lita ya maji. Hapa hutolewa mahali padogo kama ukucha, kabla jicho halijapepesa. Matokeo yake ni cheche, na penye mvuke wa mafuta cheche moja inatosha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa macho viungo hivyo viwili hufanana.

Je, radi ya maabara ni radi ya kweli?

Wapo wanaouliza kama radi ya kapasita yaweza kulinganishwa na radi ya wingu. Swali hilo ni la haki, na lilijibiwa kwa kwenda kuitazama radi yenyewe. Kati ya mwaka 1980 na 1986, shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha ndege ya aina ya F-106B ndani ya mawingu ya ngurumo kwa makusudi, ikiwa imejaa vyombo vya kupimia. Ndege hiyo ilipigwa na radi mara 714 na kurudi salama. Vipimo vyake vilisaidia kuielewa radi jinsi inavyoonekana kutoka ndani ya ndege iliyo angani. Maabara haidai kuwa wingu. Inachagua sehemu ya radi yenye madhara, inaikuza hadi kiwango cha juu, na kuiuliza ndege kama itavumilia.

Msingi wa busara hiyo ni kupima kwa hali mbaya. Radi ya kawaida ni ampea 30,000, lakini ndege hupimwa kwa 200,000, kwa sababu rubani hawezi kuchagua radi itakayompiga.

Upimaji huo umezidi kuwa wa lazima kadiri ndege zilivyobadilika. Air Tanzania ilipokea ndege ya Boeing 787-8 mwezi Julai 2018, na ya Airbus A220-300 mwezi Desemba mwaka huo huo. Karibu nusu ya uzito wa Boeing 787 ni vifaa vilivyoundwa kwa nyuzi za kaboni na gundi ngumu, na mabawa ya A220 nayo ni ya nyuzi za kaboni. Vifaa hivyo ni vyepesi na imara, lakini hupitisha umeme kwa shida kuliko alumini. Kwa sababu hiyo waundaji hulaza chini ya rangi wavu mwembamba wa metali, mara nyingi wa shaba, ili mkondo upate njia. Abiria hauoni wavu huo. Analala usingizi kwa sababu kuna mtu aliyeupima.

Kutoka angani hadi darasani

Ni kwa mizani hiyo hiyo inafaa kutazama shule. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliipiga Shule ya Msingi Runyanya katika Wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, na wanafunzi 18 wakafa. Tarehe 27 Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe katika Mkoa wa Geita, waliuawa na radi, na wengine wengi wakajeruhiwa. Haya si mambo ya nchi za mbali, wala si ya zamani.

Nyumba hutofautiana na ndege kwa jambo moja kubwa. Ndege haihitaji ardhi; radi huingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, na kinachotakiwa ni njia isiyokatika. Nyumba ndiyo mwisho wa safari ya radi: njia isiyokatika haitoshi, lazima pia ardhi iupokee mkondo. Paa la mabati lililowekwa juu ya nguzo za miti bila waya wa kuteremsha umeme ni nusu ya chumba cha Faraday. Radi ikilifikia, haina njia ya kushuka ila kuta, nguzo, na miili ya watu walioegemea.

Mfano mwema hauko mbali na Mkumbara. Msafiri wa barabara ya Korogwe na Same anayetazama nguzo za chuma za njia ya umeme ya kilovolti 132 itokayo Hale kwenda Moshi, huona waya mwembamba uliopita juu ya nyaya nyingine zote. Waya huo haupeleki umeme kwa mteja yeyote. Kazi yake ni kuipokea radi na kuishusha ardhini kwa kupitia nguzo, ili nyaya za chini zisipigwe. Kinga hiyo nayo hutegemea jinsi mguu wa nguzo ulivyoshikana na ardhi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Shule inayobahatika kuwekewa kinga ya radi hupewa ncha ya chuma juu ya paa, waya wa kushuka ukutani, na fito ya shaba iliyozikwa ardhini, ambayo mafundi huiita ethi. Ncha huonekana na wote. Wazazi huisifu, mgeni huionyeshwa. Fito iliyozikwa haionekani, na yenyewe ndiyo inayoamua.

Hesabu ni fupi. Volti ni mkondo mara ukinzani. Ampea 30,000 zikipita katika ardhi yenye ukinzani wa omu 10, ambao ndio kiwango kinachopendekezwa kisizidishwe, waya wa kushuka hupata volti 300,000 kwa kitambo kidogo sana. Fito moja ya urefu wa mita 2.4 ikizikwa katika udongo wenye ukinzani mahususi wa omu-mita 100, ukinzani wake ni omu 40 hivi, na volti hupanda hadi milioni 1.2. Udongo huo ukikauka hata ukinzani mahususi ukafika omu-mita 1,000, fito ile ile inakuwa na omu 400, na volti zinakuwa milioni 12. Hesabu hii imerahisishwa, kwa kuwa volti zikizidi udongo nao hupasuka kwa cheche. Lakini maana yake haibadiliki. Mkondo ulionyimwa njia chini huruka pembeni, kuelekea nondo ya dirisha au mtu aliye karibu. Nao ukitambaa juu ya ardhi, hufanya volti tofauti kati ya mguu mmoja na mwingine wa mtu aliyesimama.

Mwezi wa kupima

Kosa lililo rahisi kutendeka ni kupima ethi mara moja, siku ya kuikabidhi kazi, kisha kuisahau. Ikiwa siku hiyo ilikuwa ya masika, udongo ukiwa umelowa, kipimo kitakuwa kizuri na cheti kitaandikwa. Katika nchi kavu kama tambarare ya Mkumbara, cheti hicho ni cha ardhi ya Aprili. Radi ya kwanza ya vuli haishuki katika ardhi ya Aprili. Inashuka mwezi Oktoba au Novemba, baada ya miezi ya jua, udongo wa juu ukiwa mkavu kupita wakati mwingine wowote wa mwaka, na mara nyingi kabla tone la kwanza halijaanguka.

Waundaji wa ndege hawapimi bawa kwa radi dhaifu. Vivyo hivyo ethi ya shule isipimwe katika ardhi iliyolowa. Ipimwe kila mwaka mwishoni mwa kiangazi cha mahali hapo, kabla ya ngurumo za kwanza, na kipimo kiandikwe katika daftari linalotunzwa shuleni pamoja na tarehe na jina la fundi. Ikizidi omu 10, ziongezwe fito nyingine zilizoachana, au uzikwe waya wa shaba kuizunguka nyumba. Kisha ipimwe tena. Kila kiungo kati ya paa na ardhi kikaguliwe, kwa sababu waya wa shaba ulioibwa kipande, au kiungo kilichoingia kutu, huigeuza kinga kuwa mtego.

Kazi hiyo haihitaji maabara ya mamilioni. Chombo cha kupimia ethi hubebwa kwa mkono. Hupitisha mkondo mdogo kati ya fito na kigingi kilichopigwa mbali, na kupima volti kati ya fito na kigingi cha katikati. Volti ikigawanywa kwa mkondo, jibu ni ukinzani. Chombo kimoja chaweza kuhudumia shule zote za wilaya, fundi akizunguka nacho. Inafaa kazi hii ifanywe na fundi aliyehitimu, wakati anga ni jeupe. Mwanafunzi asiiguse ethi ya kinga ya radi wala kuufungua waya wake.

Mwanafunzi ana jaribio lake, lililo salama. Achukue beseni la plastiki, alijaze mchanga uliokaushwa juani, achomeke misumari miwili iliyoachana, na kuiunganisha na betri nne za tochi pamoja na kipima mkondo. Mshale hautatikisika. Aongeze kikombe cha maji, kisha cha pili, akiandika kipimo kila mara; halafu chumvi kidogo. Darasa litakalochora grafu ya jaribio hilo limekwisha kuelewa kwa nini Oktoba si Aprili.

Hoja zinazotolewa

Husemwa kwamba gharama ni kubwa. Ni kweli kuweka kinga katika kila shule ni kazi ya miaka mingi, na hapana budi yaanzwe maeneo yenye radi nyingi. Lakini kupima kinga iliyokwisha wekwa ni kazi ndogo, na kutoipima ni kuipoteza fedha iliyokwisha kutumika. Nchini Uganda, mtandao wa wataalamu wa Afrika wa mambo ya radi ulio na makao yake Kampala, ujulikanao kwa kifupi kama ACLENet, umeziwekea kinga shule kadhaa, Runyanya ikiwa mojawapo, pamoja na kuwafundisha walimu na wanafunzi. Lililowezekana huko halishindikani Korogwe wala Geita.

Husemwa pia kwamba radi hutumwa na watu wabaya, na kwamba fito ya shaba haiwezi kuizuia. Mwenye kufiwa asidhihakiwe. Hata hivyo yafaa aelezwe kwa upole kwamba radi hupiga mti usio na adui, mlima usio na deni, na ndege isiyo na jirani. Na kwamba popote ilipopewa njia nzuri, imeifuata.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo nzito: kwamba abiria wa ndege na mtoto wa shule si wa daraja moja, na kila mmoja akingwe kwa kadiri ya bei ya kiti chake. Hakuna anayeitamka hoja hiyo mkutanoni. Hutamkwa na fito isiyopimwa.

Vyuo vinavyofundisha uhandisi na ufundi wa umeme vinao vijana wanaotafuta kazi za mafunzo kila mwaka. Wakigawiwa shule za wilaya moja na chombo kimoja, wakapima mwezi wa Oktoba na tena mwezi wa Aprili, taifa litapata ramani ya ardhi yake ambayo haiwezi kununuliwa kiwandani, nao watapata elimu isiyopatikana ubaoni. Hapo wingu la kwanza la vuli litakapojikusanya juu ya Shume, mwalimu wa Mkumbara atakapowaita wanafunzi waingie ndani, atakuwa na daftari lenye namba iliyoandikwa wiki chache kabla. Rubani anayepita juu yake anayo ya kwake.